Maumivu Kuisha Si Kupona: Jeraha la Kinena kwa Wanamichezo Wetu

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya makocha, manahodha na wazazi, kabla ya kuanza kwa mashindano ya soka ya wadi. Tumeyachapisha kwa ombi la makocha waliohudhuria.



Najua wengi wenu mmeshangaa kumwona afisa wa habari amesimama hapa badala ya daktari. Mmezoea kuniona pembeni mwa uwanja na kamera shingoni, nikiwaomba msogee kidogo ili nyote muingie kwenye picha. Leo nafasi hii nimeiomba mwenyewe, na kabla sijasema lolote kuhusu jeraha, nitawaeleza kwa nini.

Misimu mitatu iliyopita nilikuwa kwenye nusu fainali ya mashindano kama haya, katika uwanja wa shule wenye mchanga mwingi kuliko nyasi. Nahodha wa timu moja, kijana wa miaka 21 aliyevaa jezi nambari nane, alipiga pasi ndefu katika kipindi cha kwanza kisha akashika paja lake la kulia kwa ndani. Wakati wa mapumziko alichuliwa kwa dawa, akafungwa bendeji, akarudi uwanjani. Kipindi cha pili chote alikuwa akichechemea. Dakika za mwisho, ndiye aliyefunga penalti ya ushindi. Watu waliingia uwanjani wakambeba juu juu. Nikapiga picha, na siku iliyofuata nikaandika kichwa cha habari: "Shujaa Acheza Akichechemea, Timu Yatinga Fainali."

Picha ile ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wadi nzima. Wiki moja baadaye kijana alicheza fainali. Alikuwa amemeza vidonge vya maumivu kabla ya mechi. Dakika ya 12 aligeuka ghafla kumfuata mshambuliaji, akaanguka, na hakuinuka mwenyewe.

Kijana huyo ni mwendesha bodaboda. Kwa miezi mitatu hakuweza kupitisha mguu juu ya kiti cha pikipiki. Pikipiki haikuwa yake, kwa hivyo mwenye pikipiki akampa mtu mwingine. Msimu uliofuata hakucheza hata mechi moja. Siku moja alikuja ofisini kwetu kuuliza fomu ya basari ya mdogo wake, nami nikamsalimu kwa furaha kama shujaa wangu wa zamani. Akatabasamu, akasema: "Ile picha mama ameibandika sebuleni. Mimi huwa siitazami."

Amenipa ruhusa niwasimulie haya bila kumtaja jina. Makocha, kosa la kumrudisha uwanjani linaweza kuwa la watu wengi. Lakini kichwa cha habari kilichomwambia kila kijana wa kaunti hii kwamba kuchechemea ni ushujaa, hicho nilikiandika mimi. Ndiyo sababu nimesoma, nimeketi na wataalamu wetu wa fiziotherapia wakanirekebisha nilipokosea, na leo nimekuja kulipa deni.

Kinena ni wapi, na huumia vipi?

Kinena ni pale paja linapokutana na tumbo. Tukae na neno hilo bila aibu, maana aibu ni sehemu ya tatizo. Mchezaji akiumia goti, husema goti. Akiumia kinena, husema "paja linanivuta kidogo", au hasemi kitu. Kwa wasichana wetu ni vigumu zaidi, hasa kama kocha na msaidizi wake wote ni wanaume. Jeraha lisilotajwa halitibiwi.

Ndani ya paja kuna kundi la misuli mitano inayovuta mguu kuelekea katikati ya mwili. Ndiyo unayoitumia kupiga pasi kwa upande wa ndani wa mguu, kugeuka ghafla, na kujizuia usiteleze miguu ikapanuka. Misuli hiyo imejishikiza kwenye mfupa wa kinena kwa kano. Kutoka juu, misuli ya tumbo nayo imejishikiza papo hapo.

Sisi watu wa pwani tunaweza kuelewa haraka tukiutazama mlingoti wa mashua. Mlingoti husimama kwa sababu kamba za pande zote zinauvuta kwa nguvu zinazolingana. Kamba moja ikilegea, nyingine hubeba mzigo wake, na upepo ukivuma kwa nguvu huanza kukatika nyuzi. Mfupa wa kinena ndio mlingoti wetu. Misuli ya ndani ya paja ikiwa dhaifu, au ikichoka, kila teke na kila kona hukata nyuzi chache.

Wakati mwingine jeraha huja kwa ghafla: mchezaji anapiga shuti au ananyoosha mguu kuuwahi mpira, na anahisi kitu kimekatika. Wakati mwingine huja polepole: asubuhi kinena kimekaza, akipasha mwili moto kinaachia, jioni kinauma tena, na baada ya miezi miwili hawezi hata kukohoa au kujigeuza kitandani bila kusikia maumivu. Hii ya pili ndiyo inayotuharibia wachezaji wengi, kwa sababu haina siku mtu anayoweza kuitaja na kusema, "Hapa ndipo nilipoumia."

Msidhani ni jambo la wachache. Utafiti wa majeraha katika vilabu vya kulipwa vya Ulaya, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa katika kila majeraha 100 ya misuli, 37 yalikuwa ya nyuma ya paja na 23 ya misuli ya ndani ya paja. Hao ni watu wenye madaktari na nyasi za kukatwa kwa mashine. Sisi tuna mchanga, mashimo, na mchezaji aliyetoka kazini saa tisa akaingia uwanjani saa kumi bila kupasha mwili moto.

Si kila maumivu ya kinena ni msuli

Mwaka 2014 wataalamu 24 kutoka nchi 14 walikutana mjini Doha, Qatar, kwa sababu hata madaktari walikuwa wakiuita ugonjwa mmoja kwa majina mengi. Walikubaliana kwamba maumivu ya kinena yanaweza kutoka kwenye misuli ya ndani ya paja, kwenye msuli wa mbele unaonyanyua paja, kwenye ukuta wa chini wa tumbo, kwenye mfupa wenyewe wa kinena, kwenye kiungo cha nyonga, au kwenye sababu nyingine. Mtu mmoja anaweza kuwa na mbili kwa pamoja. Kwa hivyo kocha asiwe daktari. Kazi ya kocha ni kujua ni wakati gani wa kumpeleka mchezaji hospitalini bila kungoja. Naomba manahodha waandike haya matano.

La kwanza, maumivu makali ya ghafla kwenye korodani, hasa kwa kijana mdogo, pengine akiwa na kichefuchefu. Korodani inaweza kujinyonga na kukosa damu. Saa sita za kwanza ndizo za kuiokoa. Usimchue, usingoje asubuhi.

La pili, uvimbe unaotokeza kinenani, hasa anapokohoa. Hiyo huenda ikawa ngiri. Ukiwa mgumu, unauma na haurudi ndani, au mtu anatapika, ni dharura.

La tatu, mtoto wa kati ya miaka 10 na 16 anayechechemea na kulalamika kinena, paja au hata goti. Katika umri huo kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza mahali pake. Asitembezwe. Apelekwe akapigwe picha ya eksirei ya nyonga, hata kama anasema goti ndilo linalouma.

La nne, mkimbiaji ambaye kinena kinamuuma zaidi kila anapokimbia, na sasa kinamuuma hata usiku akiwa amelala. Huenda shingo ya mfupa wa paja imepata ufa. Msichana anayefanya mazoezi mengi, anayekula kidogo na ambaye hedhi yake imesimama, yumo hatarini zaidi. Ufa huo ukipuuzwa mfupa unaweza kuvunjika.

La tano, mchezaji aliyesikia kitu kimelia "pa!" na hawezi kukanyaga, au mwenye homa au maumivu wakati wa kukojoa pamoja na maumivu ya kinena.

Nje ya hayo matano, mara nyingi ni msuli au kano. Na hapo ndipo tunapokosea.

Kupumzika na kuchuliwa havitoshi

Tufanyeje mchezaji akiumia leo? Kwa siku mbili tatu za kwanza aache kucheza. Apakwe barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara chache kwa siku. Afungwe bendeji ya kuvutika. Atembee kadiri anavyoweza. Asikandwe kwa maji moto, asichuliwe kwa nguvu, wala asivutwe miguu kupanuliwa. Sina ugomvi na wazee wetu wanaojua kuchua, lakini msuli uliochanika jana ukifinywa leo unavuja damu zaidi.

Baada ya hapo tunafanya nini? Tunamwambia mchezaji apumzike. Wiki mbili zinapita, maumivu yanakwisha, anasema, "Kocha, niko sawa." Anaingia, na dakika ya 20 anaumia tena. Tunasema ana bahati mbaya. Si bahati mbaya. Maumivu yamekwisha kwa sababu msuli haukutumika, na kwa kutotumika umezidi kuwa dhaifu. Aliyewahi kuumia kinena ana hatari kubwa ya kuumia tena kuliko ambaye hajawahi. Kwa hivyo likumbukeni neno moja la leo, hata mkisahau mengine yote: maumivu kuisha si kupona. Kupona ni nguvu kurudi.

Hili lilipimwa. Mwaka 1999 daktari wa Denmark, Per Hölmich, na wenzake walichapisha utafiti wa wanamichezo wa kiume 68 waliokuwa wameumwa kinena kwa muda mrefu. Kundi moja lilichuliwa, likanyooshwa misuli na kutibiwa kwa mashine. Kundi la pili lilipewa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, nyonga na tumbo kwa wiki 8 hadi 12. Waliomaliza walikuwa 59. Katika kundi la kuchuliwa, wanne kati ya 30 walirudi kwenye michezo yao bila maumivu. Katika kundi la mazoezi, walirudi 23 kati ya 29.

Wanne kwa 23. Kijana wetu wa bodaboda, miezi mitatu ya kwanza alikuwa kwenye lile kundi la wanne. Alilala, akachuliwa, akangoja. Mama yake alipompeleka hospitalini, fiziotherapisti alimpa mpira, akamwambia: "Ubane."

Ngazi za kurudi uwanjani

Mtaalamu ndiye atakayempangia kila mtu mazoezi yake, lakini ni vizuri mjue ngazi zilivyo ili msimsukume mchezaji aruke.

Ngazi ya kwanza ni kubana mpira. Mchezaji analala chali, magoti yamekunjwa, mpira katikati ya magoti, anabana na kushikilia, anaachia, anarudia. Ngazi ya pili, analala ubavu na kunyanyua mguu wa chini kuelekea juu, polepole. Ngazi ya tatu, anasimama, kifundo kimefungwa mpira wa kuvutika, anauvuta mguu kuelekea ndani. Tyubu kuukuu ya baiskeli inafanya kazi hii vizuri. Pamoja na hayo afanye mazoezi ya tumbo na ya kusimama kwa mguu mmoja. Nguvu ikishajengeka ndipo anakimbia mbio za moja kwa moja, kisha za kasi, kisha za kukata kona, na mwisho kabisa kupiga mpira kwa nguvu. Shuti ni la mwisho. Sisi huanza nalo.

Mtu atajuaje kama anajisukuma kupita kiasi? Atumie alama za maumivu kutoka 0 hadi 10, kama taa za barabarani. Na kuna jaribio la sekunde tano ambalo kila kocha anaweza kulifanya kila wiki bila gharama yoyote. Mchezaji analala chali, miguu imenyooka. Kocha anaweka mkono wake, kutoka kiwiko hadi kiganja, katikati ya vifundo vya miguu. Mchezaji anabana kwa nguvu zake zote kwa sekunde tano, kisha anataja alama ya maumivu ya kinena. Sifuri hadi mbili ni kijani: aendelee. Tatu hadi tano ni manjano: apunguziwe mazoezi na aonwe na mtaalamu. Sita kwenda juu ni nyekundu: asicheze.

Na muda? Mchaniko mdogo mara nyingi huchukua wiki mbili hadi tatu. Msuli au kano iliyokatika kabisa yaweza kuchukua miezi mitatu. Maumivu yaliyofichwa kwa msimu mzima huchukua miezi minne na zaidi. Kwa hivyo mchezaji anayekosa mechi mbili leo anajiokolea msimu. Vidonge na sindano za maumivu kabla ya mechi haviponyi kitu. Vinazima king'ora huku nyumba ikiendelea kuwaka.

Kinga ya dakika chache

Kuna zoezi moja linalotaka watu wawili tu na mahali pa kulala. Mchezaji analala ubavu akiegemea kiwiko. Mwenzake anamshikilia mguu wa juu, mkono mmoja gotini na mwingine kwenye kifundo. Mchezaji ananyanyua mwili wake, huku mguu wa chini ukipanda hadi ukutane na ule wa juu, kisha anashuka polepole. Anayeanza ashikiliwe gotini tu, na asiyeweza hata hivyo aanze na ile ngazi ya pili niliyoitaja, ya kulala ubavu na kunyanyua mguu wa chini. Nchini Norwe timu za soka za wanaume zilifanya zoezi hili mara tatu kwa wiki kabla ya msimu, na mara moja kwa wiki msimu ulipoanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa hatari ya matatizo ya kinena ilipungua kwa asilimia 41 ukilinganisha na timu ambazo hazikulifanya. Kaunti yetu ina wadi 35. Hakuna hata moja inayoweza kusema zoezi hili ni ghali kwake.

Ombi langu

Makocha, ulizeni swali hili kabla ya kila mazoezi, mbele ya wote na kwa sauti ya kawaida: "Nani kinena kinamuuma?" Mkiuliza kila siku, aibu itakwisha yenyewe. Timu za wasichana ziwe na mwanamke mmoja, mwalimu au mzazi, wa kuambiwa. Mchezaji akiinua mkono, atoke, na asipoteze namba yake kwa sababu alisema kweli.

Wachezaji, mwenzako akichechemea usimwite mwoga. Nendeni hospitali ya kaunti iliyo karibu yenye huduma ya fiziotherapia mapema, na muwe mmejisajili na SHA kabla hamjaumia. Mkipewa mazoezi yafanyeni mpaka mwisho, hata baada ya maumivu kuisha.

Wazazi, mnawajua watoto wenu wanavyotembea. Mkimwona anapanda ngazi kwa mguu mmoja, au anakaa kitandani kuvaa suruali aliyozoea kuivaa akiwa amesimama, muulizeni.

Kwa upande wa ofisi yetu ya habari, hatutaandika tena kichwa cha habari kama kile. Msimu huu nitasimama pembeni ya uwanja kama kawaida. Mchezaji atakayeinua mkono na kutoka kabla hajajiharibu, naye nitampiga picha, akikubali, na chini yake nitaandika kwamba aliisaidia timu yake.

Yule kijana alibana mpira, akavuta tyubu, akapanda ngazi moja baada ya nyingine kwa miezi minne. Sasa anaendesha pikipiki tena, na msimu uliopita alirudi uwanjani. Nilimwomba nimpige picha mpya ya kumpelekea mama yake. Aliniambia ningoje mpaka mechi iishe, kwanza apashe mwili moto.